Mtoto Aliyelala Mgongo kwa Mgongo: Mwongozo Kamili wa Kujifungua kwa Mama wa Lamu

Wanawake wa mjini na wa visiwani huniuliza swali lile lile: "Nimeambiwa mtoto amelala mgongo kwa mgongo, nifanyeje?" Nikiwajibu kwa maneno mawili wanaondoka, kisha nawakuta wodini na makosa yale yale matatu. Wamelala chali usiku kucha. Wamesukuma kabla ya njia kufunguka. Au wamengoja kwao Kizingitini au Ndau mpaka nguvu zimewaisha na maji yamekupwa. Kwa hivyo leo naandika yote, hatua kwa hatua. Mimi ni mkunga, na mwanangu wa kwanza alizaliwa hivi hivi, uso juu.

Mgongo kwa mgongo maana yake kisogo cha mtoto kimeelekea uti wako wa mgongo, na uso wake umeelekea kitovu chako. Kichwa kiko chini kama kinavyotakiwa, kwa hiyo usimchanganye na mtoto aliyetanguliza matako. Uchungu unapoanza, watoto kama 15 hadi 30 katika kila 100 huwa wamelala hivi. Wanaozaliwa wakiwa bado hivyo ni kama 5 tu, wengine hugeuka wenyewe njiani.

Ugumu uko kwenye kipimo cha kichwa. Mtoto aliyeinamisha kidevu kifuani hupita kwa upana wa sentimita 9.5 hivi. Aliyeegemea mgongo wa mamake mara nyingi huwa ameinua kidevu, na upana unaopita hufika karibu 11.5. Anahitaji muda ainamishe kichwa na azunguke. Kazi yako ni kumpa muda na nafasi, na kuwa karibu na chumba cha upasuaji ikiwa hatageuka.

Na tafadhali, mama mkwe na mashangazi, msimwambie mja mzito kwamba amejitakia kwa kukaa vibaya au kwa kulala sana. Umbo la nyonga au kondo la nyuma lililojishika upande wa mbele vinaweza kuchangia, na mara nyingi hakuna sababu inayoonekana. Hakuna aliyekosa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya wiki ya 36

- Kijitabu cha kliniki, kitambulisho, na usajili wako wa SHA (bima ya afya ya serikali) uliokwisha kuthibitishwa. Usiache usajili mpaka siku ya uchungu.
- Leso (kanga) sita kuukuu zilizofuliwa na kupigwa pasi. Mbili za kazi nitakayoieleza, nyingine za mtoto na za kujifunika.
- Mito miwili migumu na mkeka.
- Chupa ya mpira ya maji moto, au taulo mbili ndogo na themosi ya maji moto.
- Mafuta ya nazi kidogo ya kukandia kiuno.
- Tende, uji mwepesi, madafu, maji ya kunywa.
- Pedi, nguo za mtoto, kofia yake.
- Tochi na simu yenye chaji.
- Namba za manahodha wawili, si mmoja, na nauli iliyowekwa kando isiguswe.
- Watu wawili waliokubali kutoa damu ikihitajika.
- Mwenzako mmoja wa kukaa nawe muda wote: mama, dada, somo (kungwi) wako au mume. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mwenza anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Uliza mapema kituo chako kinaruhusu nani aingie.

Mwenza huyo asome mwongozo huu kabla ya siku yenyewe. Uchungu ukikolea, wewe hutakumbuka kitu.

## Hatua ya 1: Hakikisha mtoto amelalaje

Dalili unazoweza kuziona mwenyewe: mateke yanakuja mbele, kuzunguka kitovu. Ukilala, tumbo linaingia ndani kidogo karibu na kitovu badala ya kuvimba duara. Kiuno kinauma zaidi, na unakwenda kukojoa kila mara.

Dalili hizo hudanganya. Mkunga atapapasa tumbo, atasikiliza moyo wa mtoto unasikika upande gani, na skani itathibitisha. Muulize mambo matatu uyaandike: mtoto ametazama wapi, kondo limejishika wapi, kichwa kimeshuka au bado.

Wengi huambiwa wapige magoti na viganja sakafuni kila siku ili mtoto ageuke kabla ya uchungu. Utafiti uliofanywa haukuonyesha kwamba zoezi hilo la mimba kubwa hubadilisha namna mtoto atakavyozaliwa. Likikupa nafuu ya kiuno, lifanye. Likikuchosha, liache bila wasiwasi. Jambo la kushikilia ni kulala ubavu, si chali, tangu wiki ya 28, kwa sababu kulala chali hubana mshipa mkubwa na kupunguza damu inayomfikia mtoto.

Onyo: Usikubali mtu akukande tumbo kwa nguvu ili amgeuze mtoto. Kondo linaweza kubanduka ukavuja damu ndani kwa ndani, na visiwani muda wa kukuokoa ni mfupi.

Umefaulu ukiwa na majibu yale matatu kwenye kijitabu, na unajua kama umezuiwa kujifungulia zahanati ya karibu.

## Hatua ya 2: Panga safari kwa maji, usingoje uchungu

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na miji ya bara. Uchungu wa mgongo kwa mgongo mara nyingi huchukua muda mrefu, na chombo chako hakiondoki saa unayotaka wewe. Maji hujaa na kupwa kwa mapito ya saa sita hivi, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua hukupwa mpaka mashua zinakaa juu ya mchanga. Nahodha ndiye ajuaye leo Mkanda, ule mlango wa bahari baina ya Manda na bara, unapitika saa ngapi. Musimu wa kusi, anayetoka Kiunga au Kizingitini ana bahari chafu ya kuihesabu pia.

Kwa hivyo:

Ukiwa Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu au Kiunga, na umeambiwa mtoto amelala hivi, hamia kwa jamaa aliye karibu na hospitali yenye upasuaji kuanzia wiki ya 38. Kwa wengi hiyo ni King Fahd hapa mjini. Kwa walio bara ni Mpeketoni. Uliza swali hili bila haya: "Upasuaji usiku unafanyika? Mtu wa dawa ya usingizi yupo?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta hospitali nyingine.

Ukiwa Shela, Matondoni au Kipungani, huna haja ya kuhama, lakini zungumza na nahodha wa usiku mapema. Mjini, vichochoro havipitishi gari; panga kama utatembea, utapanda punda au utabebwa mpaka gatini.

Ukiwa umewahi kupasuliwa, usikae nyumbani na uchungu hata saa moja. Kovu la zamani na uchungu mrefu havipatani.

Umefaulu ikiwa mtu yeyote wa nyumbani, akiamshwa usiku wa manane, anaweza kusema mnapanda chombo gani, wapi na kwa pesa zipi.

## Hatua ya 3: Uchungu wa mwanzo, tunza nguvu

Uchungu huu mara nyingi huanza kwa kusuasua. Unakuja, unapotea. Pengine unakuja miwili kwa mpigo kisha kimya. Unaweza kwenda hivyo siku nzima na usiku wake, na mlango wa kizazi haujafika sentimita 5, ambazo ndizo tunazohesabu kuwa mwanzo wa uchungu kamili.

Kosa la hapa ni kutembea mchana kutwa "ili uchungu upate nguvu". Mama anafika kwenye kazi yenyewe miguu imekwisha. Lala ubavu na mto katikati ya magoti. Kula tende, kunywa uji. Nenda ukakojoe kila baada ya saa mbili hata kama hujisikii, kwa sababu kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka.

Usinywe mizizi wala dawa ya kuharakisha. Mitishamba ya namna hii inaweza kukaza kizazi bila kipimo. Mtoto akose hewa, au kizazi kipasuke.

Aliye karibu aondoke uchungu ukija kila dakika tano, ukidumu karibu dakika moja, kwa muda wa saa nzima. Aliye mbali aondoke uchungu ukianza kufuatana. Lakini ondoka papo hapo, popote ulipo, ukiona mojawapo ya haya: chupa ya uzazi imepasuka, maji ni ya kijani au kahawia, damu inatoka kama ya hedhi, mtoto amepunguza kucheza, homa, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu.

Chupa ikipasuka na kamba ya kitovu ikatokeza, usiirudishe ndani wala usiishikeshike. Piga magoti, kifua chini, makalio juu, na usafirishwe hivyo hivyo.

## Hatua ya 4: Maumivu ya kiuno

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanawake wanapokata tamaa.

Kisogo cha mtoto kinagandamiza mfupa wa kiuno, ule bapa ulio juu ya kifandugu. Kwa hiyo hata uchungu ukipoa, kiuno hakipoi. Mwanamke anajihisi hapumziki kamwe. Nilipokuwa nazaa mwanangu wa kwanza niliambiwa najilegeza, kwamba wenzangu wawili wodini walikuwa kimya. Sikuwa najilegeza. Uchungu wangu ulikuwa wa namna nyingine, na hakuna aliyenishika kiuno. Ndiyo maana nawaambia wenza: mikono yenu ndiyo dawa ya kwanza.

Kwanza, mgandamizo. Mama apige magoti, aegemee mito au kiti. Mwenza aweke sehemu ngumu ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono, juu ya mfupa ule bapa. Uchungu ukianza, asukume moja kwa moja kuelekea mbele, kwa uzito wa mwili wake, asiteleze wala kusugua. Aachie uchungu ukiisha. Mama ndiye anayeongoza: juu kidogo, chini kidogo, zaidi. Mkono wenye nguvu huchoka baada ya nusu saa, basi pokezaneni.

Pili, kubana nyonga. Mwenza asimame nyuma, aweke viganja viwili kwenye minofu ya makalio pande zote mbili, chini ya mifupa ya nyonga. Uchungu ukija, abane viganja kuelekea katikati na juu kidogo. Mama wengi husema kiuno kimefunguka ghafla.

Tatu, joto. Taulo iliyokamuliwa kwenye maji moto, ijaribiwe kwanza kwenye mkono wa mwenza ndani ya kiwiko. Ngozi ya mama mwenye uchungu haitambui kuungua mpaka imeungua.

Nne, magoti na viganja. Nilisema zoezi hili halimgeuzi mtoto wakati wa mimba. Wakati wa uchungu, lakini, limeonekana kupunguza maumivu ya kiuno, kwa sababu uzito wa mtoto huondoka juu ya mfupa na kuangukia mbele.

Umefaulu ikiwa baina ya uchungu mmoja na mwingine mabega yako yanashuka na unaweza kujibu swali kwa sentensi nzima. Usitazamie maumivu yaishe kabisa.

## Hatua ya 5: Mpe mtoto nafasi ya kuzunguka

Uchungu ukishakuwa kamili, badilisha mkao kila nusu saa. Mtoto huzunguka nyonga inapobadilika umbo, na nyonga ya mwanamke aliyelala chali haibadiliki.

Ngazi za nyumba zetu za mawe ni refu na za mwinuko mkali. Kwa hili zinafaa sana. Panda ubavuubavu, hatua moja moja, mkono ukutani, mwenza nyuma yako. Huwezi ngazi? Simama kando ya baraza, weka mguu mmoja juu yake, goti lielekee pembeni, uyumbe taratibu kuelekea goti hilo uchungu unapokuja. Mara tano au sita, kisha mguu wa pili.

Ukichoka, lala ubavu na mguu wa juu umepandishwa kwenye mito miwili. Ubavu upi? Ule unaokupa nafuu, kisha geuka.

Sasa leso. Mama apige magoti na viganja. Pitisha leso chini ya tumbo, ipanuliwe itande vizuri. Mwenza asimame nyuma akishika ncha mbili, anyanyue kidogo tu mpaka mama ahisi uzito umepungua, halafu atikise kwa mtikiso mdogo, laini, kama anachekecha unga. Dakika chache, uchungu ukiwa umepoa. Misuli ya tumbo na nyonga hulegea. Usifanye hivi ukiwa unatoka damu, ukiwa umeambiwa kondo limejishika mbele, au ukisikia maumivu mapya.

Umefaulu ikiwa maumivu yanahama kutoka kiunoni na kushuka mbele, juu ya mfupa wa kinena, na uchungu unakuwa wa mpangilio. Mkunga akipima atakuambia kichwa kimezunguka.

Kituoni, moyo wa mtoto usikilizwe kila dakika 15 hadi 30. Wa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mwenza ana haki ya kuuliza namba hiyo.

## Hatua ya 6: Usisukume kabla ya wakati

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Kisogo cha mtoto hukandamiza utumbo wa haja kubwa, na mama anapata hamu kali ya kusukuma akiwa na sentimita 6 au 7. Ndugu wanasikia sauti imebadilika, wanamshangilia: "Sukuma, mamangu, sukuma!" Naye anasukuma. Mlango wa kizazi unabanwa baina ya kichwa na mfupa, unavimba, na kilichokuwa kimefunguka kinakuwa kama kimefunga. Nimeona mama akisukuma saa mbili hivyo kabla ya kufika kwetu, na nguvu za kusukuma kwa haki hazikuwapo tena.

Hamu ikija:

Sema neno moja: "Nipimwe." Usisukume mpaka mkunga athibitishe sentimita 10.

Ikiwa bado, shuka kifua chini, makalio juu. Kichwa kitarudi nyuma kidogo na hamu itapungua. Au lala ubavu.

Hema kwa pumzi fupi, kama unapuliza mshumaa bila kuuzima. Mwenza aheme pamoja nawe, ana kwa ana. Mwili ukijisukuma wenyewe kidogo, usijilaumu, usiuongezee tu.

Umefaulu ikiwa umefika sentimita 10 mlango ukiwa laini, haujavimba.

## Hatua ya 7: Kusukuma

Ukiwa umefunguka kabisa na hamu haijaja, ngoja. Kichwa kinaendelea kuzunguka na kushuka, na kusukuma bila hamu ni kupoteza nguvu.

Omba mkao unaokufaa: magoti, kuchutama ukimshika mwenza, au kulala ubavu. Ukilazwa kitandani, omba mgongo uinuliwe.

Kwa mtoto wa kwanza kusukuma kunaweza kufika saa tatu, kwa wa pili na kuendelea saa mbili, mradi moyo wa mtoto uko sawa na kichwa kinasonga. Moyo usikilizwe kila dakika tano.

Onyo kali: Mtu asikupande wala kukusukuma tumbo kwa viwiko. Mtoto hatoki upesi kwa hilo, na wewe unaweza kuchanika vibaya.

Mtoto akizaliwa uso juu, msamba hunyooka zaidi, hivyo kuchanika kwa kina huwezekana zaidi. Kichwa kinapotokeza, acha kusukuma, hema, kitoke polepole mkunga akikinga kwa mkono.

## Hatua ya 8: Mtoto asipogeuka

Mkunga au daktari aliyefunzwa anaweza kumzungusha kichwa kwa vidole, njia ikiwa imefunguka kabisa. Anaweza pia kumtoa kwa kifaa cha kuvuta, au kukuandikia upasuaji. Uchungu ukiwa dhaifu, dripu ya kuuongeza hutolewa hospitalini tu, moyo wa mtoto ukifuatiliwa.

Kuanzia sentimita 5, uchungu wa mtoto wa kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12, na wa mtoto wa pili na kuendelea saa 10. Ukikaribia huko bila kusonga mbele, mwenza aulize: "Mpango ni upi, na chumba cha upasuaji kiko tayari?" Uko zahanati? Uliza mapema zaidi, maji yakiwa bado yamejaa.

Ukipasuliwa, umezaa. Asikwambie mtu vingine.

## Hatua ya 9: Baada ya kuzaa

Uchungu mrefu huchosha kizazi, na kizazi kilichochoka huvuja damu. Hakikisha unachomwa sindano ya kukaza kizazi, mara nyingi oksitosini, mara mtoto anapotoka. Pedi ikiloa chapachapa ndani ya saa moja au chini ya hapo, au ukaona kizunguzungu, ita mtu wakati huo huo.

Mtoto awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kichwa chake kinaweza kuwa kirefu au na uvimbe. Msikikande, msikifunge. Hurudi chenyewe kwa siku chache.

Mzazi aliyeshonwa au kupasuliwa asikandwe tumbo wala mshono kwa maji moto, hata kama ndiyo desturi ya siku arobaini nyumbani. Akandwe miguu na mgongo, maji yawe vuguvugu. Mshono ukitoa harufu, homa ikipanda, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, rudi hospitali. Mama wa visiwani asipande chombo cha kurudi kwao kabla ya saa 24, na aliyepasuliwa asubiri mpaka daktari amruhusu. Nahodha akubali kwenda pole, na mzazi akae katikati ya chombo, mahali pasipogonga sana.